Chimbeni Kutoka Upande wa Barabara

Siku niliyorudisha buti za mpira stoo, Gloria wa upande wa mita alinishika mkono akasema, "Mama Ayikoru, unaondoka na kichwa chote. Tuachie hata robo." Nikamwambia shule yangu iliishia darasa la nne, ndipo tukakimbia vita kwenda Kongo, na niliporudi nilikuwa na mtoto mgongoni. Akasema, "Si uandike kama unavyoongea." Basi naandika kama ninavyoongea, na kwa Kiswahili, kwa sababu pale kazini kuna Mlugbara, Mkakwa, Mnubi, Mmadi, na siku hizi Mkuku kutoka ng'ambo ya mpaka, na sijaona bado mtaro uliochimbwa kwa lugha ya nyumbani kwa mtu mmoja. Kiswahili chetu kimepinda kidogo. Spana yangu nayo ilipinda, ikafungua vilevile.

Mambo ya vyeo sitaandika. Mwenye cheo anakijua, na asiye nacho anakijua zaidi.

Kazi nilianza Arua, kwenye mashine za maji za mto Enyau, kama mfagiaji. Tulikuwa tumerudi kutoka Kongo si zamani, na mji ulikuwa bado una nyumba nyingi zenye kuta bila mabati. Nilifika asubuhi na sandale za plastiki na ufagio wangu mwenyewe, maana nilikuwa nimeambiwa ofisi haina. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa Mzee Rajabu Fadimula, Mnubi mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, mikono myeupe kwa shabu, ile dawa inayokamata matope yazame chini maji yabaki safi juu. Hakuniangalia uso. Aliangalia miguu.

"Nani alikudanganya maji ni kitu ya sandale?"

"Sina viatu vingine, mzee."

"Mimi iko na buti. Ni kubwa kwako. Jaza gazeti ndani, tembea kama bata. Bata hapana anguka."

Nilitembea kama bata mpaka nikapata buti za saizi yangu, na kusema kweli mpaka leo nikichoka natembea hivyo. Wajukuu wangu wananiiga nyuma ya mgongo wakidhani sioni.

Mzee Rajabu alikuwa na chuma cha kusikilizia, kirefu kama fimbo ya mchungaji, na juu yake kifundo cha mti kilicholainika kwa sikio lake. Nyinyi mna mashine yenye vipokea sauti na taa. Ni nzuri, nimeitumia, inasikia kuliko mimi. Lakini hata mashine haitakuambia unachosikia ni nini. Siku ile ile aliniwekea ncha ya chuma juu ya bomba, kifundo kwenye sikio.

"Nini iko?"

"Sisikii kitu."

"Hapana haraka. Ngoja moyo yako inyamaze kwanza."

Nilingoja. Kwanza nikasikia damu yangu mwenyewe, halafu mashine, halafu huko chini kabisa kitu kama mtu aliyelala chumba cha pili. Hayo ni maji yanayokwenda vizuri. Bomba lililopasuka linasema kama mama anayebembeleza mtoto, shhh, bila kuchoka. Valvu iliyo nusu wazi inapiga mluzi wa meno. Mkisikia kimya kabisa, msifurahi. Kimya maana yake maji hayafiki, na kuna mtu mahali fulani ameshaanza kutukana jina lenu.

Kitu cha pili alichonifundisha ni alama. Kila alichofukia, iwe kiungo, kona au valvu, alisimamisha pembeni yake kipande cha bomba, kimefungwa kofia ya chuma juu, halafu akakifukia nacho, chini kuliko jembe linavyofika. Nilimwuliza kwa nini asikiache juu kionekane.

"Wewe utaona. Na mwenye kuuza chuma pia ataona. Nani ataamka mapema?"

"Na kofia je, kama iko chini ya ardhi nani anaiangalia?"

"Udongo isiingie. Bomba yenye kofia ni alama. Bomba bila kofia ni shimo."

Kofia alikuwa anaikaza na katani, zile nyuzi tunazozungushia meno ya bomba. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo katani yake ilizunguka kinyume na ya watu wote. Mafundi wengine wa Arua walimcheka, wakasema hiyo itavuja. Haikuvuja. Mkichimba mjini mkakuta katani ya kinyume, mjue mmefika kwa Mzee Rajabu, na mpige hodi.

Baadaye nikahamishiwa maji machafu. Watu walidhani nimeadhibiwa, na dada yangu Driciru aliacha kunikaribisha kula mpaka nioge mbele yake. Lakini mimi niliyapenda yale mashimo. Maji safi yanakuonyesha watu wanavyotaka kuonekana, machafu yanakuonyesha walivyokula jana. Kazi yetu ilikuwa kusukuma fito za chuma zinazoungana, moja baada ya nyingine, mpaka kizibo kikubali. Nilifanya na Candia, mtu mrefu mwenye huruma, na sheria yetu ilikuwa moja: mkifungua kifuniko, nendeni mbali mkanywe chai, yote, mpaka majani. Hewa ya mle inaua bila kugonga mlango. Aliye na haraka ya kuinama anainamishwa. Hilo likae kichwani hata kama yote mengine mtasahau.

Siku moja tulizibua karibu na soko, na baada ya maganda ya muhogo na buti moja ya mtoto yakatoka meno ya bandia, mazima, yamecheka. Kabla hatujaamua la kufanya akaja Mzee Onzima, aliyekuwa akiuza chumvi pale, mkono umefunika mdomo.

"Ni yangu hiyo."

Candia akamwambia, "Mzee, osha kwanza."

"Nioshe na maji gani? Si nyinyi mmefunga maji tangu asubuhi?"

Candia akampa chai tuliyokuwa tumewekea kifuniko cha pili, akaoshea.

Sasa niwaambie tulivyosikiliza, kwa sababu ndiyo itakayotufikisha Koboko. Chuma kinataka mji unyamaze. Arua tulikuwa tunasikiliza Jumapili, watu wakiwa kanisani, na tulijua makanisa yote kwa vipaza sauti vyao, lipi tulianzie na lipi tulikimbie kabla kwaya haijasimama. Koboko ilikuwa Ijumaa. Adhuhuri ya Ijumaa Koboko unasikia hata kuku akiwaza. Maduka yanarudisha milango, boda zinalala upande mmoja mbele ya msikiti, na Wakristo wenyewe wanapunguza sauti kwa heshima ya jirani. Kwa muda ule mfupi mji wote ni wako na chuma chako. Mkienda Koboko na mashine zenu, muende Ijumaa.

Mara ya kwanza kufika kule nilikuwa na Mzee Rajabu, tulipotumwa kuangalia laini ya zamani kama itafufuka. Yeye alikuwa amefanya kazi pale kabla ya watu kukimbia. Ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga maji ya mji. Mji ulikuwa bado nusu porini, wengi hawajarudi. Tulitembea barabarani mpaka mahali penye majani marefu kunishinda. Akasimama, akavua kofia yake ya sufu. Sikuwahi kuona kichwa chake kabla ya siku ile.

"Valvu iko hapo ndani, chini ya simenti," akasema. "Imebakia nusu wazi, iache hivyo. Siku mtataka kufanya kazi, chimbeni kutoka upande wa barabara. Upande ile ingine, hapana."

"Kwa nini, mzee? Kuna mwamba?"

"Mwenyewe akirudi ataambiwa."

Nilidhani anasema juu ya mwenye kiwanja, kwamba ni mkorofi. Nikaweka kichwani pamoja na mengine: ile ya Koboko, upande wa barabara.

Mzee Rajabu alifariki nyumbani kwake Arua, miaka si mingi baadaye, akiwa amekaa anasubiri chai. Mkewe Mama Zaituni aliniita akanipa chuma. Akasema, "Alisema sikio yako imeanza kufaa." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake, na ilinibidi ningoje afe.

Miaka ikaenda. Nikawa bibi. Ukaja mradi wa kubadilisha mabomba ya Koboko, makubwa mapya ya bluu, na mimi nikapelekwa kwa sababu nilijua ya zamani yanapita wapi. Injinia wetu alikuwa Lemi, kijana wa Kikakwa mwenye adabu, anayevua viatu akiingia hata ofisini kwa mlinzi. Tulikuwa tumeshamaliza sehemu kubwa. Kilichobaki ni tawi linalokwenda kituo cha afya pembezoni mwa mji, wodi ya wazazi. Pale ndipo wanapojifungulia akina mama wa huku na wale wanaokuja kutoka ng'ambo wakiwa wameshika tumbo. Mkunga mkuu, Sista Poni, alikuwa anachota maji kwa jerikeni kutoka kisima cha shule, na kila akituona anapunga jerikeni kama bendera.

"Nyinyi watu ya maji, bomba yenu ni mzuri sana. Naangalia kila siku. Mtoto akizaliwa namwonyesha bomba, namwambia, hii ndiyo ingekuwa maji."

Kuunganisha tawi lile kulitaka tufunge laini ya zamani, na kuifunga kulitaka ile valvu ya Mzee Rajabu. Nikaenda mahali penyewe. Majani hayapo. Kuna nyumba, ua uliofagiwa, mihogo nyuma, na pale pale, kati ya nyumba na barabara, kaburi la vigae vyeupe.

Niliona nimekosea. Nikarudi Ijumaa, adhuhuri, mji ulipolala, nikaweka ncha ya chuma kwenye udongo pembeni ya vigae. Nikasikia mluzi wa meno. Valvu ilikuwa chini ya kaburi.

Mwenye nyumba alikuwa Hajat Zainabu, mwanamke mkubwa kwangu kidogo, mgongo umesimama kama wa askari, maana baba yake alikuwa sajini na alilea watoto kwa filimbi. Kila Ijumaa anatandika mkeka wake kando ya vigae, upande wa nyumba, anamsomea baba yake. Hilo Koboko nzima inajua. Alikuwa ameshawaambia wanawe kwamba yeye akifa alazwe pale, pembeni ya baba, wala si penginepo.

Fundi mkuu wa mkandarasi, mtu aitwaye Drani, alikuwa na wazo lake. "Jumatatu mama anakwenda shamba Dranya. Tunavunja, tunafunga, tunarudisha vigae vipya. Akirudi, kaburi inang'aa kuliko zamani. Hatajua."

"Atajua," nikasema.

"Nani atamwambia?"

"Kaburi."

Lemi alikuwa anavua na kuvaa kofia yake ya plastiki. Mwishowe akasema, "Hatuvunji. Tunamwambia." Halafu akanigeukia kwa sauti ndogo. "Lakini mama, wewe ndiye utasema. Mimi ni mtoto kwake. Mjomba wake ndiye aliyenitahiri."

Nilikwenda peke yangu. Hajat alinipa kiti na uji, tukaulizana habari za wajukuu mpaka zikaisha. Ndipo nikasema. Nilisema kwamba nimesikiliza, kwamba chini ya vigae kuna chuma cha maji, na sanduku la matofali lililojengwa kabla watu hawajakimbia, na kifuniko chake cha simenti ndicho walichowekea vigae.

Hakupiga kelele. Aliangalia nje, kwenye vigae.

"Sasa unasema mimi nasomea bomba."

"Sisemi hivyo, Hajat."

"Miaka yote hii. Na nikikufa, nilazwe pembeni ya bomba, kama mutu ya ofisi yenu." Akacheka kidogo, kicheko kilichoanguka njiani. "Baba iko wapi basi, Mama Ayikoru? Nimweke wapi?"

Nikamwomba anieleze ilivyokuwa. Wakati wa kukimbia, yeye na mama yake na watoto walitangulia kwenda Kongo. Baba alikuwa mgonjwa wa kifua, akasema atafuata. Hakufuata. Wakiwa kambini wakaletewa habari, kutoka mdomo hadi mdomo, kwamba sajini amekufa kwa ugonjwa wake, na kwamba kuna mtu wa maji amemzika kwa heshima yote, penye simenti, karibu na barabara. Waliporudi, mama yake alishikilia jembe mwenyewe, wakafyeka, wakafyeka, wakakuta simenti ya mraba. Mama akalala juu yake akalia. Nani angeuliza zaidi?

"Mutu ya maji gani?" nikauliza.

"Hapana jua. Habari ilifika bila jina. Mimi naomba kwa ajili yake kila Ijumaa pamoja na baba. Nasema tu, na yule mutu ya maji, Mungu, wewe unamjua."

Uji ulinipoa mkononi. Nilikuwa nimeshika kitu ambacho sikukijua kwa miaka yote. Valvu unaweza kuifikia upande wowote, haijali. Mzee Rajabu hakuwahi kuniambia pahali pengine popote kwamba chimba huku usichimbe kule. Na ile *mwenyewe akirudi ataambiwa*. Kwao habari ya maiti hupewa wenyewe, watoto na ndugu, haipewi mfagiaji aliyekuja naye kazini. Alikuwa amengoja mwenyewe arudi, na mwenyewe akachelewa.

Lakini sikumwambia Hajat. Kama nimekosea, ningekuwa nimemwua baba yake mara ya tatu. Nilimwambia hivi tu: "Turuhusu tuchimbe upande wa barabara. Kigae hata kimoja hakitaguswa. Na wewe mwite shehe, na mwanao Swale, wafungue kidogo upande wa nyumba, kwa mikono."

"Pale ninapotandika mkeka?"

"Pale pale."

Jumatatu hakwenda Dranya. Alikaa kwenye kiti mlangoni, shuka jeupe kichwani, kama mtu anayesubiri matokeo ya daktari. Sisi upande wa barabara tulichimba kwa beleshi, bila sululu, tukafika kwenye matofali, Drani mwenyewe akayatoa moja moja kwa mkono, na sikumsikia akisema neno la haraka siku nzima. Valvu ilikuwa mle, imevikwa udongo wa mchwa, inapiga mluzi. Lemi aliingia mtaroni na suruali yake ya ofisi.

Upande wa nyumba Swale alikuwa amepiga magoti na kijembe kilichokatwa mpini. Shehe Musa, mzee wa msikiti wa karibu, alisimama juu yake. Walikwenda chini kuliko jembe linavyofika. Nikaona Swale amesimamisha mkono.

"Mawe," akasema. "Yamepangwa."

Shehe akachuchumaa, akaondoa udongo na viganja. Mstari wa mawe, mmoja kisha mwingine, umekingama na barabara, umelala vile Waislamu wanavyolazwa uso uelekee Kibla. Shehe aliangalia jua, akaangalia mawe. "Aliyeweka hii alijua anafanya nini," akasema. "Msiende chini tena. Inatosha."

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu upande wa kichwa. Nikaomba ruhusa, nikapiga magoti, na magoti yangu nyinyi mnayajua. Ilikuwa mdomo wa bomba, limesimama wima ardhini, limefungwa kofia. Kutu imelila, lakini kwenye meno, pale kofia inapokutana na bomba, nyuzi za katani zilikuwa bado zimetokeza. Nikazifuata na ukucha. Zilizunguka kinyume.

Nikabaki pale pale chini, nikizifuata tena. Lemi alidhani nimeumia.

Hajat alikuwa ameshafika nyuma yangu. Aliangalia mawe, halafu akaangalia mkeka wake uliokunjwa ukutani, na uso ukambadilika.

"Shehe. Miaka yote mimi nilikuwa nakaa juu ya baba yangu."

Shehe Musa akajipangusa mikono polepole. "Hajat, ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Basi. Mtoto akikaa kwa mapaja ya baba yake, baba anakasirika?"

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, na kucheka ndani yake. Alikaa chini kwenye udongo tuliouchimba, pembeni sasa, na akaweka kiganja juu ya ile kofia ya chuma kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Hii ni kitu gani?"

"Ni alama yake. Fundi aliyemzika baba yako. Kila alichofukia aliweka hivi, asikipoteze. Ndiye aliyenifundisha kazi."

"Wewe unamjua huyo mutu?"

"Ninamjua. Anaitwa Rajabu Fadimula. Amelala Arua, kwenye kiwanja cha nyumba yake. Mkewe Zaituni yuko hai."

Akalisema jina taratibu, nusu nusu, kama mtu anayeonja chumvi kabla ya kuongeza. Rajabu. Fadimula. Halafu akalisema lote kwa pamoja. Swale alilirudia, na shehe akalirudia, na Drani, ambaye alikuwa Mkatoliki na ameshika tofali, naye nilimsikia.

Valvu tuliifunga siku hiyo. Niwaambie tulivyoifunga, maana valvu za zamani ziko nyingi na nyinyi mna misuli kuliko subira. Tulimwaga mafuta ya taa kwenye shingo yake tukaiacha inywe. Halafu kidogo mbele, kidogo nyuma, mbele, nyuma, kama unavyomwamsha mgeni. Mnapolazimisha, shingo inakatika, na hapo mji wote unakuwa bila maji na jina lako linajulikana mpaka Omugo. Ile ilikubali ilipotaka. Mluzi ukawa mwembamba, ukaisha. Tukaunganisha bomba la bluu. Kabla ya jioni Sista Poni alifungua koki ya wodi ya wazazi, ikakohoa hewa, ikatapika kahawia, ikatoa maji. Aliweka jerikeni chini yake, kwa mazoea tu, ikajaa ikamwagika, na yeye amesimama anaiangalia inavyomwagika.

Nikamwambia, "Sista, funga. Hayo si ya kutazama."

"Niache kidogo," akasema. "Na wewe ulinitazamisha bomba."

Vigae Hajat hakuviondoa. Alisema mama yake alilia pale, na machozi ya mama nayo ni kaburi. Sanduku la valvu tulilijengea mlango mdogo upande wa barabara, mtaukuta. Kaburi lenyewe wameliinua kwa mawe, bila simenti, na wanawe wanajua sasa mama yao atalazwa upande gani. Alikuja Arua na basi kumwona Mama Zaituni, amebeba kuku na sukari. Walikaa chumbani wenyewe wawili asubuhi nzima, na waliyoongea sikuitwa niyasikilize.

Kila Ijumaa baada ya sala ananipigia simu. Ananiuliza maji iko, nami namwuliza mluzi iko, anasema hapana, kimya tu. Kwa valvu iliyofungwa, kimya ni habari njema.

Chuma nimemwachia Gloria. Atalalamika kwamba anasikia damu yake tu. Mwacheni angoje.

Na mimi nimewaambia wanangu hivi, juu ya siku ya kunizika. Simenti mkitaka wekeni, vigae mkitaka wekeni, hayo ni yenu na majirani. Lakini upande wa kichwa simamisheni kipande cha bomba, chini kuliko jembe linavyofika, na kofia muikaze na katani. Mwanangu mkubwa akauliza izungushwe upande gani. Nikamwambia upande wowote ambao mkono wake umezoea, mradi udongo usiingie.